Dakika Kumi na Tano

Simlaumu paka.
Kapu la vitambaa ni lake tangu Jumanne,
amezalia humo wanne, juu ya mabaki ya sare za shule,
na mimi, Apolinari, fundi wa miaka thelathini na minne,
nikatia mkono bila hodi
nikitafuta kipande cha bluu cha kola.

Mistari mitatu. Imenyooka kuliko ninayokata mimi.
Kwanza ilikuwa myeupe, kama chaki kwenye suti,
halafu damu ikakumbuka njia.

"Mafuta ya taa," akasema Rogati wa viatu.
"Ugoro," akasema mama wa ndizi, akifungua pindo la khanga.
Mwingine: majivu. Mwingine: unga wa kahawa.
Baraza zima la Kiboriloni lilikuwa na dawa,
hakuna aliyekuwa na sabuni.

Nikanyonya kidonda, nikatema, nikavuta sare nyingine.
Januari haina likizo ya mkwaruzo.

Saa saba akaja Gaudensia na chakula.
Mkwe wangu. Miaka sita ndani ya ua mmoja,
na tukikutana mlangoni mmoja wetu hurudi nyuma.
Sahani huiweka mezani, si mkononi.
Ndivyo tulivyolelewa: heshima ina hatua zake, huhesabiwa.

Leo aliweka bakuli la kiburu sakafuni,
akautazama mkono,
akanishika kifundo
akanivuta mbele za watu mpaka bombani.

Akafungua koki yote.
Maji ya Moshi hayajasahau yalikotoka;
yalinisalimu hadi kwenye mfupa.
Sabuni ya mche, ile ya kufulia.
"Dakika kumi na tano, baba. Kwa saa, si kwa kukisia."
"Mita inazunguka."
"Iache izunguke."

Dakika ya kwanza nilitazama ndoo.
Ya tatu, yeye alitazama ukuta.
Ya tano povu likawa la waridi.
Hakusugua kwa hasira, hakukamua;
alipitisha kidole kwenye kila mstari
kama mtu atafutaye pindo lilipofumukia.
Ya nane nikaona kovu kwenye dole gumba lake.
Miaka sita! Nimemshonea magauni mawili
nikimpima kwa macho tu, tena kwa mbali.
"Hilo?"
"Mafuta ya maandazi. Nikiwa darasa la nne."
Ya kumi akaanza habari ya kaka yake, kule Himo:
mbwa mdogo, kidonda kidogo, wakaweka majivu,
wiki ya sita akaogopa kikombe cha maji.
Hakumalizia.
Bomba likamalizia.

Zilizobaki hatukuzihesabu kwa sauti.

Zahanati walinichoma ya pepopunda,
wakanichoma ya kichaa cha mbwa.
"Kwa paka?" nikauliza.
Tabibu hakucheka. Paka naye huubeba, alisema,
na ukishaonekana hauna dawa.
Urudi siku ya tatu, ya saba, na hii niliyoandika.
Kwapa likivimba, homa ikija, mstari ukitoa usaha,
njoo hapa, usimuulize jirani.
Na paka asiuawe wala asifukuzwe.
Atazamwe siku kumi.

Basi nimekuwa mlinzi wa mshtakiwa.
Tarehe nimezichora kwa chaki ubavuni mwa cherehani,
asubuhi nafuta moja kwa kidole gumba.
Dagaa wa mia tano kila siku, na maji kwenye kifuniko.
Siku ya nne alinipigia miayo.
Siku ya sita nilimwota anatoa mate,
nikaamka usiku, nikawasha tochi hadi dukani:
ananyonyesha, macho mawili ya kijani,
kama anayeuliza mimi nina shida gani.

Leo ya kumi. Amekula, ameruka dirisha, amerudi.
Mistari imekuwa kahawia, inawasha.
Siku hizi nagonga kapu kabla ya kutia mkono.
Rogati ananicheka, acha acheke.

Gaudensia amekuja saa saba, kama kawaida.
Sahani bado anaiweka mezani.
Ila leo, kabla ya kugeuka,
ameisogeza kwa kidole kimoja
upande wa mkono wangu mzima.